Damu salama na mashine za maabara: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yamekusanywa kwa miaka kadhaa. Mengine yaliulizwa na wachangiaji wakiwa wamekaa wanamalizia soda, mengine na ndugu wa wagonjwa waliosimama dirishani kwetu usiku, na machache na manesi kwa simu, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka kusubiri. Anayejibu ni mtu wa maabara, Tanzania Bara, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali nayo hayalingani uzito.

Kwani zamani damu haikuwa inapimwa? Mashine zimeongeza nini?

Ilikuwa inapimwa, na sehemu nyingi bado inapimwa kwa mkono. Unachukua kigae cheupe, unadondosha tone la damu, unaongeza tone la kitendanishi (ile dawa ya kupimia), unakoroga kwa kijiti, kisha unakiinua kigae na kukitikisa taratibu mbele ya taa. Chembe zikishikana mafungumafungu, hilo ni jibu. Zikibaki laini kama uji, hilo ni jibu jingine. Nimefanya kazi na watu ambao macho yao siwezi kuyatilia shaka hata kidogo. Kilichokuwa kinatuangusha ni kalamu.

Jibu la kigae linaandikwa kwenye daftari, kutoka daftari linahamia kwenye fomu, kutoka fomu linahamia kwenye lebo ya chupa. Linanakiliwa mara tatu, na kila mara mtu anaweza kuruka mstari. Sampuli 20 za asubuhi hazina shida. Sampuli 200 za jioni, gari likiwa limetoka kwenye uchangiaji wa shule ya sekondari, ni habari nyingine. Mashine inasoma namba ya mrija, inanyonya kiasi kilekile kila mara, inapiga picha ya jibu na kulituma kwenye kompyuta bila mtu kushika kalamu. Na ile picha inabaki. Kesho mtu akibisha, tunaifungua tunaitazama wote. Kigae cha jana kilishaoshwa.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Kigezo kinachotumika sana cha Shirika la Afya Duniani ni nchi kukusanya chupa sawa na asilimia moja ya watu wake kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, maana yake ni zaidi ya chupa laki sita. Kila chupa inapimwa maambukizi manne. Hapo tayari ni vipimo zaidi ya milioni mbili na laki nne, na makundi ya damu bado hatujayagusa. Kwa vigae?

Nikishachangia, damu yangu inapita wapi?

Chupa (tunaiita chupa ingawa siku hizi ni mfuko wa plastiki wa mililita 450 hivi) inapewa namba moja ambayo haitapewa chupa nyingine. Namba hiyo inachapwa kwenye stika kadhaa zenye msimbomilia, ile mistari myeusi ambayo wengi tunaiita bakodi. Moja inabandikwa kwenye mfuko, moja kwenye fomu uliyojaza, na nyingine kwenye mirija midogo inayojazwa damu ileile ya mkono wako. Kuanzia hapo jina lako linabaki kwenye fomu. Maabara inaijua namba tu.

Mrija mmoja unakwenda kwenye mashine ya makundi, mwingine kwenye mashine ya maambukizi. Mfuko unasubiri kwenye karantini, yaani friji ambalo hakuna anayeruhusiwa kutoa kitu kupeleka wodini. Majibu yote yakishaingia, kompyuta ndiyo inayoruhusu lebo ya mwisho ichapwe, ile yenye kundi la damu kwa herufi kubwa. Kipimo kimoja kikikosekana, lebo haitoki. Nimeshaona mtu akiibembeleza kompyuta na kuigonga kiwambo kwa kidole. Haikutoa.

Chembe nyekundu zinavumilia: damu nzima kwenye mfuko wa kawaida inakaa siku 35 kwa nyuzijoto kati ya 2 na 6. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hazina uvumilivu huo. Zinakaa kwenye nyuzijoto 20 hadi 24, zinatikiswa usiku na mchana, na siku zake ni tano tu. Majibu yakichukua siku mbili, umebakiwa na tatu, na mgonjwa wa saratani anayetokwa damu kwenye fizi anazihitaji leo.

Mashine inajuaje kundi langu?

Kanuni ni ileile aliyoigundua Karl Landsteiner kule Vienna na kuichapisha mwaka 1901, iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1930: changanya chembe za mtu mmoja na majimaji ya damu ya mwingine, uone kama zitashikana. Kilichobadilika ni mahali pa kuangalia.

Mashine nyingi za sasa zinatumia kadi ya jeli, njia iliyobuniwa na Mfaransa Yves Lapierre miaka ya 1980. Ni kadi ya plastiki ya kutosha kiganjani, ina vijirija vyembamba, mara nyingi sita, na ndani ya kila kimoja kuna jeli iliyochanganywa na kitendanishi chake. Mashine inadondosha chembe zako juu, inaizungusha kadi kwa dakika chache, kisha kamera inatazama. Chembe zilizoshikana zinakwama juu ya jeli, kama abiria wanne walioshikana mikono wakitaka kuingia mlango wa daladala kwa pamoja. Ambazo hazikushikana zinapenya moja moja mpaka chini na kutulia kama kidoti chekundu. Kukwama juu kabisa ni alama 4, kutulia chini ni 0, na katikati kuna ngazi zake.

Kundi linapimwa pande mbili. Kwanza chembe zako dhidi ya vitendanishi vya A, B na D. Pili majimaji yako dhidi ya chembe za A na B zinazojulikana. Mtu wa kundi A lazima majimaji yake yashambulie chembe za B. Pande mbili zisipokubaliana, mashine haitoi kundi. Inaandika alama ya kuuliza na kuniachia mimi. (Kichanga wa miezi ya kwanza hapimwi upande wa pili, kwa sababu kingamwili zake, vile vitu vya kwenye majimaji ya damu vinavyoshambulia chembe ngeni, bado hajazitengeneza, alizonazo ni za mama.)

Alama za kuuliza ndizo kazi yangu siku hizi. Juzi kati kadi ilitoka na kijirija kimoja chenye mstari juu na kidoti chini, vyote viwili kwa pamoja, kama watu wawili wamekaa kiti kimoja. Na kweli walikuwa wawili: mgonjwa alikuwa ameongezewa damu ya O wiki mbili nyuma katika hospitali nyingine, na ndugu zake hawakuwa wamesema. Kwenye kigae, tena usiku, ningeweza kuona ukungu tu nikauita A dhaifu.

Kadi yangu ya zamani inasema hasi, sasa nimeambiwa chanya. Nani mwongo?

Huenda hakuna mwongo. Wapo watu wenye antijeni D, ile alama juu ya chembe inayofanya kundi liitwe chanya, kidogo sana kwenye chembe zao. Kigae hakiioni, mashine inaiona. Ukiwa mchangiaji, tunaiandika damu yako chanya ili isimfikie mgonjwa hasi ikamchokoza. Ukiwa mgonjwa, sehemu nyingi watakuhudumia kama hasi, kwa tahadhari. Mtu mmoja, majibu mawili, na yote ni sahihi kwa kazi yake.

Lakini kama kadi ilisema A na sasa ni B, hiyo si antijeni dhaifu. Hapo kuna mtu alibadilisha mirija, aidha wakati ule au sasa. Rudi upimwe upya.

Inapimwa magonjwa gani, na inapimwaje?

VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Hivyo vinne Shirika la Afya Duniani linavitaka kwa kila chupa, popote duniani.

Mashine inachanganya majimaji ya damu yako na punje ndogo zilizopakwa kitu kinachonasa kingamwili au kipande cha kirusi, inaosha, kisha inaongeza kemikali inayotoa mwanga ikikuta kilichonaswa. Mwanga unapimwa na kugawanywa kwa kiwango cha mpaka. Jibu linatoka kama namba: 0.12, 0.30, 0.97. Ikifika 1.00 tunasema sampuli imeitikia. Mashine haijui maneno "ana" na "hana".

Sampuli iliyoitikia inarudiwa mara mbili. Hata moja kati ya hizo mbili ikiitikia tena, mfuko unateketezwa. Tunatupa damu nzuri kwa kufanya hivyo, na tunajua. Kipimo kimewekwa kiwe na wasiwasi kupita kiasi makusudi.

Nimepigiwa simu nirudi. Ina maana nina ugonjwa?

Ina maana tunataka damu nyingine na mazungumzo ya faragha. Kwa sababu hiyo niliyoitaja, wapo wanaoitikia kwenye mashine na kipimo cha uthibitisho kikawakuta salama. Wapo pia ambao kipimo kinathibitisha, na hao wanaelekezwa kwenye matibabu mapema kuliko ambavyo wangejua wenyewe. Ninachoomba ni kimoja: usizime simu. Na usiende kuchangia kituo kingine ili uone kama "utapita".

Kwa hiyo mashine imemaliza tatizo la kipindi cha dirisha?

Imelipunguza. Haijalimaliza. Mtu akiambukizwa leo, zinapita siku ambazo damu yake inaambukiza lakini kipimo hakioni kitu. Kwa VVU, kipimo cha kingamwili peke yake kinahitaji takriban wiki tatu. Kinachotafuta pia antijeni ya p24, yaani kipande cha kirusi, kinashusha hadi kama wiki mbili. Kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe, kinachojulikana maabara kwa jina la NAT, kinafika siku kama kumi. Kwa homa ya ini C tofauti ni kubwa zaidi: kingamwili huchukua kama miezi miwili, vinasaba huonekana baada ya wiki moja hivi. Afrika Kusini ilianza kupima kila chupa kwa NAT, moja moja, mwaka 2005. Ni kipimo cha gharama, kinataka vyumba vilivyotenganishwa na watu waliofunzwa, na nchi nyingi za kanda yetu zinakipigia hesabu kwa uangalifu.

Siku hizo kumi zinazobaki hakuna mashine inayoziziba. Zinazibwa na lile dodoso unalojaza kabla ya kukaa kitini, lenye maswali yanayowafanya watu waangalie chini. Ndiyo maana tangu mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zijenge huduma zake juu ya wachangiaji wa hiari wasiolipwa. Mjomba aliyeitwa usiku aje amchangie mpwa wake, huku ukoo mzima umesimama mlangoni, si rahisi akasema mbele yao kwamba wiki iliyopita aliteleza. Mwenye kuja mwenyewe Jumamosi asubuhi anaweza kugeuka akaondoka, na hakuna atakayemuuliza.

Malaria je?

Vipimo vya haraka na darubini vinakosa vimelea vikiwa vichache, na huku kwetu mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa na vichache bila kujua. Kwa hiyo mgonjwa aliyeongezewa damu akipata homa siku zinazofuata, malaria iwe kwenye orodha ya daktari, hata kama mgonjwa hajang'atwa na mbu wa hospitali, jambo ambalo lenyewe ni gumu kuamini.

Basi kosa kubwa la damu linatokea wapi, kama si maabara?

Kitandani kwa mgonjwa. Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe zaidi.

Uingereza wana mpango uitwao SHOT, ulioanza mwaka 1996, unaokusanya taarifa za kila tatizo la kuongezewa damu. Mwaka baada ya mwaka ripoti zake zinaonyesha sehemu kubwa ya matatizo imetokana na makosa ya kibinadamu: sampuli ya huyu kwenye mrija wa yule, mfuko wa yule kwa huyu. Na damu ya kundi lisilolingana haihitaji kuwa nyingi. Mililita 50, robo ya kikombe cha chai, zinaweza kumuua mtu.

Mashine haimjui mgonjwa. Inajua stika iliyobandikwa kwenye mrija. Ukiweka damu ya Juma Hamisi Juma kwenye mrija ulioandikwa Hamisi Juma Hamisi, mashine ya mamilioni itakupa jibu safi kabisa, lenye picha, saa na dakika, la mtu ambaye siye.

Sasa fikiria wodi. Mama mmoja amelazwa kitanda cha nne, ana upungufu mkubwa wa damu, anasinzia. Nesi anafika na mfuko: "Mama Juma?" Anaitika, "Abee." Mtu aliyechoka kiasi hicho anaitika abee kwa jina lolote utakalomwita, ni adabu tu aliyolelewa nayo. Na wodi moja inaweza kuwa na akina mama Juma watatu. Ndiyo sababu tunawasisitizia wenzetu: usimpe mgonjwa jina aitikie, mwambie alitaje mwenyewe. "Mama, majina yako matatu ni nani?" Kisha namba ya faili, isomwe kwenye mkanda wa mkononi. Tarehe ya kuzaliwa inasaidia kwa vijana. Mzee aliyezaliwa "mwaka ule wa njaa" atakupa mwaka wa njaa.

Mahali palipo na uwezo, nesi ana kisomeo cha mkononi: anasoma mkanda wa mgonjwa, anasoma mfuko, na visipolingana kinapiga kelele. Kwa maoni yangu, ukinipa fedha za kununua kitu kimoja, kati ya mashine ya pili ya makundi na visomeo vya wodini, nitachukua visomeo. Wenzangu wa maabara hawapendi nikisema hivyo.

Mbona nimechomwa mara mbili kwa kipimo kilekile cha kundi?

Ili sampuli mbili, zilizochukuliwa nyakati mbili, ziseme kitu kimoja. Si kwamba ya kwanza ilimwagika.

Kuna tukio moja ninalolikumbuka, hospitali yenyewe siitaji. Alikuja dada wa kujifungua, mfumo ukaonyesha aliwahi kupimwa pale akawa A chanya. Sampuli mpya ikatoka O chanya. Kompyuta ikafunga. Wodini walikuwa wanapiga simu kila dakika tano, na mimi nikawa mtu mbaya kuliko wote jengoni. Tukachukua sampuli nyingine, mimi mwenyewe nikiwa nimesimama pembeni ya kitanda. O. Mwisho shangazi yake akanivuta kando, akanong'ona: miaka miwili nyuma dada mtu alitibiwa kwa kadi ya bima ya mdogo wake. Yule A alikuwa dada yake mkubwa. Rekodi ya zamani ingeaminiwa peke yake, huyu wa O angepewa damu ya A.

Kwa hiyo kuazimana kadi ya bima kuna mambo yake mengine ya kisheria, lakini upande wetu kuna hili moja.

Mtoto wangu ana selimundu na ameongezewa damu mara nyingi. Anahitaji kitu tofauti?

Ndiyo, na uliza hili kwa sauti. Juu ya chembe nyekundu kuna antijeni nyingi zaidi ya A, B na D. Anayeongezewa mara kwa mara anaweza kujitengenezea kingamwili dhidi ya nyingine, na kila kingamwili mpya inapunguza idadi ya mifuko inayomfaa. Miongozo ya kimataifa inapendekeza wagonjwa wa selimundu wapewe damu iliyolinganishwa pia kwa C, E na K. Kwa mkono hii ni kazi ya siku nzima; kwa mashine, kadi moja ya ziada. Chunguzo la kingamwili lifanywe kabla ya kila kuongezewa, kwa sababu kingamwili hizi zinaweza kufifia zisionekane, kisha zikarudi kwa kishindo mfuko usiofaa ukishaingia. Tunza karatasi ya majibu. Mkihama mkoa, ihame na nyinyi.

Mgonjwa wetu anatokwa damu, na mna mashine. Tunasubiri nini?

Mashine inafanya sampuli nyingi kwa wakati mmoja, lakini kadi moja haiharakishwi. Kundi, chunguzo la kingamwili na kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mfuko huchukua kama dakika 45 hadi saa nzima. Ndani yake kuna dakika 15 za kuatamisha, yaani kuuacha mchanganyiko kwenye joto, kwa nyuzijoto 37, na hizo hazipungui hata ukija na mkuu wa mkoa.

Kukiwa na hatari ya kifo, daktari anasaini na tunatoa O bila kusubiri. O hasi ni chache mno kwetu. Watu wasio na D hawafiki 5 kwa kila 100 Afrika Mashariki. Huwekewa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wanaume mara nyingi wanapewa O chanya. Mgonjwa ambaye kundi lake limeshapimwa mara mbili na hana kingamwili za ajabu anaweza kupewa damu kwa ulinganisho wa kompyuta, dakika chache tu, mahali ambapo mfumo umethibitishwa kwa kazi hiyo. Hii ni faida nyingine ya zile sindano mbili.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Betri ya akiba inashika, jenereta inaamka. Zisipofanya hivyo, kadi zilizokuwa ndani zinatupwa na sampuli zinaanza upya. Kinachotuumiza zaidi ni umeme unaopanda na kushuka, unaoua bodi za kielektroniki bila kuzima taa. Vigae havijatupwa. Viko kabatini, na kila mfanyakazi anatakiwa aweze kuvitumia vizuri.

Kwa nini kila wilaya isipewe mashine yake?

Mashine yenyewe mara nyingi si mzigo mkubwa. Kampuni nyingi huiweka bure au kwa bei nafuu ukikubali kununua vitendanishi vyao kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo fedha inapoishia. Vitendanishi vya kampuni hii havikubali mashine ya ile, vinataka baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8 njia nzima, na vikishafunguliwa vina siku zake. Kituo kinachopima sampuli 10 kwa wiki kitamwaga vingi kuliko kitakavyotumia. Fundi naye anatoka mbali.

Ndiyo maana Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004, ulijengwa kwa kanda: Dar es Salaam, Mwanza, Moshi, Tabora, Mbeya, Mtwara, Dodoma. Sampuli zinasafiri kwenda zilipo mashine na damu iliyopimwa inasafiri kurudi. Ugumu unahamia barabarani. Rwanda waliutazama ugumu huohuo na tangu Oktoba 2016 wanarusha damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga, inadondoka kwa parashuti karibu na hospitali. Inavutia kuitazama, ila damu ile imeshapimwa kabla ya kupaa.

Mashine zikija, vijana wa maabara watakosa kazi?

Sijaona. Saa moja na nusu asubuhi mtu anafuta sindano ya mashine, anajaza maji ya kuoshea, anapitisha sampuli za udhibiti ambazo majibu yake yanajulikana. Chanya ikitoka hasi, hakuna cha mgonjwa kinachopimwa mpaka sababu ipatikane. Mrija ukiwa na uzi wa damu iliyoganda, sindano inaziba na mashine inalia. Mtu anaenda kuutoa kwa kijiti. Kisha kuna alama za kuuliza. Aliyekuwa anasoma kigae sasa anasoma sababu. Wanaopata shida ni waliofunzwa kwa mashine tu, hawajawahi kutikisa kigae, siku ile ambayo mashine imelala.

Nitajuaje majibu yangu?

Rudi kituoni na kitambulisho baada ya muda ulioelekezwa. Hayatolewi kwa ndugu, mchumba wala mwajiri, hata akija na barua.

Kadi yangu ya uchangiaji ililowa na bakodi haisomeki. Nichukue mpya wapi?

Njoo nayo hivyohivyo kwenye kituo chochote cha damu salama. Chini ya mistari kuna namba. Ikionekana tunaichapa kwa mkono, mmoja anasoma na mwingine anahakiki. Isipoonekana tutakutafuta kwa majina matatu na simu, kisha tutakupima kundi upya kabla ya kuandika chochote. Kama wewe ni mwanamume na miezi mitatu imepita tangu uchangie, au mwanamke na imepita minne, kiti kipo.